Kigelegele Nilichomwekea Aikaeli

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Mchungaji katugawia madaftari ya shule, mtu na lake, kama watoto wa darasa la kwanza. Kasema Kwaresima hii kila mmoja aandike kila siku, hata mstari mmoja, na asimwandikie yeye wala jirani, amwandikie Mungu ukweli. Mimi niliishia darasa la saba kule Machame na mwandiko wangu ni wa kuku, lakini nitaandika. Sukari nayo nimeiacha mpaka Pasaka.

Jina langu ni Elinaja. Kazini Wazungu wananiita Ellie. Jina langu la tatu nililikataa mwenyewe, na Wewe unajua.

Alhamisi, 6 Machi

Baridi. Chai bila sukari ni adhabu.

Jumamosi, 8 Machi

Margaret ni bibi wa chumba namba saba, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Lewisham, Uingereza. Ana miaka themanini na nane. Maisha yake yote alifundisha piano, na tangu avunjike nyonga haendi tena popote. Leo nilipokuwa namvika soksi akaniambia nifungue droo. Mlikuwa na bahasha ya tiketi nne. Kuna okestra kubwa ya wageni kutoka Ujerumani imealikwa kupiga Ijumaa nne kwenye nyumba ya opera, Covent Garden. Kiti ni kilekile kila mara, mstari wa nne kutoka mbele, upande wa kushoto.

"Nenda wewe, Ellie. Halafu uje unisimulie, usiniibie hata kidogo."

"Bibi, mimi najua kwaya na matarumbeta ya kanisani tu."

"Matarumbeta! Basi tazama hapa." Akafungua kitabu chao chenye majina ya wapigaji, akaweka kidole. "Huyu ndiye baragumu la kwanza. Wanasema amezaliwa Kilimanjaro. Si ndiko kwenu?"

Nikatazama. Picha ndogo kama stempu. Amekata nywele. Aikaeli.

"Ndiyo," nikasema, "jina la kwetu hilo."

Nikamalizia soksi ya pili. Ningeweza kusema: ni mwanangu. Maneno mawili tu, na mdomo ninao.

Jumapili, 9 Machi

Mchungaji alisema ukweli, basi niuandike.

Aikaeli ni binti yangu wa pekee. Baba yake, marehemu Nickson, alipiga tarumbeta kwenye bendi ya usharika wetu, na ndiye aliyemfundisha kupuliza akiwa na miaka sita, mashavu yamemjaa kama chura. Nickson alipofariki nikaja huku kutafuta kazi, nikamleta mtoto akiwa na miaka tisa. Shuleni wakampa baragumu, lile tarumbeta lililojiviringa kama konokono, kwa sababu hakuna mwenzake aliyelitaka. Akalipenda. Likamchukua mpaka Ujerumani.

Miaka mitatu iliyopita akasema anaolewa na kijana anayeitwa Jules. Mimi nikafurahi, nikaita kina mama wa ushirika, tukaunda kamati ya sendoff. Kitenge cha sare rangi aliichagua yeye mwenyewe, kijani na dhahabu. Wanawake ishirini na wawili tukashona. Mwezi mmoja kabla, akapiga simu: "Mama, we're not doing all that." Hataki sendoff, hataki kanisa, hataki kamati. Wanafunga ndoa ofisi ya serikali huko huko, na mashahidi wawili. Mimi nije peke yangu.

Sikwenda. Niliona aibu mbele ya wanawake ishirini na mmoja. Nikachukua simu nikaandika kwenye kundi la kamati: "Kuanzia leo sina binti. Msiniite tena Mama Aikaeli." Nilisahau kwamba naye tulikuwa tumemuunga kwenye kundi lile.

Baada ya dakika moja simu ikaandika: Aikaeli ameondoka kwenye kundi.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho kati yetu. Hata hayakuandikwa na yeye, yaliandikwa na simu.

Jumanne, 11 Machi

Zamu ndefu. Mgongo.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwona.

Nitaanza mwanzo. Jana Emérence alinisaidia kushika zamu ya jioni. Emérence ni mwenzangu wa kazi, Mkongo wa Bukavu, mlokole anayesali kelele mpaka vyombo vinacheza, na ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kuacha kuniita Mama Aikaeli. Nilipomkataza alijibu, "Weye ulizala mutoto ao haukuzala? Basi." Yakaishia hapo.

Nyumba ile ya opera ni nyekundu ndani na dhahabu kila mahali, na watu wananong'ona kama msibani. Kiti cha Margaret kiko karibu sana. Wapigaji wakaingia, wote wamevaa nyeusi. Akaja wa mwisho mwisho, baragumu kwapani. Amenenepa kidogo mashavuni. Akakaa, akafanya kile alichokuwa anafanya Nickson: akageuza chombo akamwaga mate chini, bila haya, mbele ya watu wote wale wa hariri. Nikajikuta nimetabasamu peke yangu kama kichaa.

Margaret alikuwa amenionya: wimbo mmoja una vipande vitatu au vinne, na kati ya kipande na kipande kuna kimya, na katika kimya kile hupigi makofi, hukohoi, huhemi. Nikafuata. Kwenye kimya cha kwanza niliona wanavyokaa, watu elfu mbili, na hakuna anayesema Amina.

Hakunitazama. Wapigaji hawatazami watu, wanatazama karatasi na yule mwenye fimbo.

Asubuhi nimemsimulia Margaret kila kitu, hata mate. Akacheka mpaka akashika nyonga.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeomba. Hakuna kitu.

Jumatano, 19 Machi

Nimeomba tena. Nimemwambia Mungu sitaki mambo makubwa, anigeukie tu, aseme "Mama". Okestra inaondoka tarehe kumi na mbili ya mwezi wa nne. Baada ya hapo sitajua tena niende wapi kumwona.

Jumamosi, 22 Machi

Ijumaa ya pili. Nilipotoka ukumbini nikazunguka nyuma, kwenye mlango wanaotokea wapigaji. Mvua nyembamba, ile ya hapa, huioni ila unalowa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Jumatatu. "Mwanangu, nimekuja." Mawili hayo basi.

Akatoka na wenzake wanne. Wanaongea Kijerumani, yeye ndiye anayewachekesha. Sikujua mwanangu ni mchekeshaji. Wakaja upande wangu, hatua kumi, hatua tano, na mimi nikafanya nini? Nikageukia ukuta, nikatoa simu, nikaitazama simu iliyozimwa. Wakapita nyuma yangu. Nilisikia harufu ya mafuta ya nazi ya nywele, yale yale niliyokuwa nampaka.

Sijui niliogopa nini. Naam, najua. Niliogopa anione asisimame.

Jumatatu, 24 Machi

Emérence: "Mama Aikaeli, ile mulango haikukufukuza. Ni weye ulijifukuza." Nikamwambia anyamaze akunje mashuka.

Ijumaa, 28 Machi

Leo hawapigi, wako mji mwingine. Nimefanya kazi. Siku ndefu kuliko zote.

Jumapili, 30 Machi

Leo ni Jumapili ya akina mama hapa Uingereza, na saa zimesogezwa mbele. Watoto wakapita na maua ya njano, kila mama ua moja. Binti mdogo akafika kwangu, akaniuliza kwa Kiingereza, "Are you a mum?" Nikamwambia mpe bibi wa nyuma yangu.

Sasa na hilo liandikwe.

Jumanne, 1 Aprili

Nimetoa sare ya sendoff sandukuni. Bado inanitosha, kwa kubana pumzi.

Jumamosi, 5 Aprili

Niandike nisiandike.

Jana nilivaa sare ile ya kijani na dhahabu, na kilemba chake. Kati ya watu wale wa nyeusi nilikuwa kama mgomba umeota sebuleni. Nilitaka anione, basi. Sehemu ya kwanza hakuona kitu.

Halafu wakaanza ule muziki mrefu. Kwenye kipande cha pili wote wakanyamaza, vinanda vya nyuzi vikawa vinapumua chini chini tu, na baragumu likaanza peke yake. Mungu wangu. Siwezi kuandika sauti. Alipiga kama Nickson alivyokuwa anapiga alfajiri ya Pasaka makaburini, pole pole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Na akamaliza. Na kile kimya kikaja.

Kwetu, binti anapotoka nyumbani kuolewa, mama yake ndiye anayeanza kigelegele, wengine wanapokea. Mama asipoanza, hakuna anayeweza kuanza. Mimi kile cha Aikaeli sikuwahi kukipiga. Miaka mitatu kimekaa kifuani.

Kikatoka.

Ukumbi mzima uligeuka. Kwenye kimya kile kilisikika mpaka juu kwenye dhahabu. Mtu akacheka, mwingine akafanya "shhh" kama anafukuza paka. Mtu mmoja pale juu alipiga makofi mawili akaacha. Nilidhani wimbo umekwisha. Aikaeli alikuwa amegeuka, ananitazama. Uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyevuliwa nguo mbele ya watu.

Yule mwenye fimbo akainua mkono, wakaendelea. Zamu ya baragumu ilipofika, sauti ikavunjika. Hata mimi niliyeishia darasa la saba nilisikia: ikakwaruza, ikapotea, ikarudi. Mwenzake wa pembeni akatazama chini.

Dada wa ukumbini akanijia, kwa upole, akaniuliza kama najisikia vizuri. Nikasema naomba kutoka.

Jumapili, 6 Aprili

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 7 Aprili

Margaret kaniuliza Ijumaa ilikuwaje. Nikamwambia kichwa kiliuma, niliondoka mapema. Akanitazama. Mwalimu ni mwalimu tu.

Jumanne, 8 Aprili

Saa nne asubuhi, nikiwa nasukuma toroli la chai, simu imelia. Namba ya nje. Ameandika Kiingereza, ila neno la kwanza na la mwisho ni Kiswahili. Nayaandika kwa lugha yetu niyaelewe:

"Mama. Nilikusikia. Na kila mtu alinisikia mimi nikikosea. Niko kwenye mwaka wa majaribio, mwezi wa tano wenzangu watapiga kura nibaki au niondoke. Ijumaa tunarudia muziki uleule na redio itautangaza hapo hapo. Usije. Tafadhali."

Miaka mitatu naomba aseme "Mama". Amesema.

Jumatano, 9 Aprili

Mchungaji alisema ukweli, na mimi nimeandika uongo mara mbili kwenye daftari hili.

Niliandika kwamba nilisahau Aikaeli yumo kwenye kundi. Sikusahau. Nilijua yumo. Niliandika ili asome. Nilitaka aumie mbele ya watu kama nilivyoumia mimi mbele ya watu.

Na niliandika kwamba nilidhani wimbo umekwisha. Sikudhani. Margaret alinifundisha, nilikuwa nahesabu kwa vidole, kile kilikuwa kipande cha pili kati ya vinne. Nilijua kabisa. Nilitaka ajue nimekuja. Nilisema kimetoka chenyewe. Si kweli, nilikitoa.

Kumbe ni kitu kimoja, kundi la kamati na kigelegele. Mara zote mbili nilimwita mwanangu mbele ya umati, kwa ajili yangu mimi. Nilidhani cha kwanza ni chuki na cha pili ni upendo, na vyote vina mwandiko mmoja.

Hataki sendoff, alisema. Njoo peke yako, alisema. Peke yangu ndicho alichotaka. Sikumpa.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeandika majibu mara tisa nimefuta. Mwisho nimetuma: "Siji." Imeonyesha ameisoma.

Tiketi nimempa Emérence. Nimemwambia akae kimya, asiseme haleluya, asisalimie mtu, avae nyeusi.

"Nyeusi? Ni matanga?"

"Kwao ndiyo nguo ya sherehe."

"Wazungu!" akasema, akaitia tiketi ndani ya Biblia yake.

Jumamosi, 12 Aprili

Jana nilishika zamu ya jioni. Saa moja na nusu nikaingia kumuosha Margaret, nikakuta redio imewashwa. "Kaa, Ellie. Ni okestra yetu." Nikamwambia nina beseni mkononi. "Liweke chini beseni."

Mtangazaji akawataja wapigaji wakuu. Alipofika kwenye jina la baragumu alilitamka vibaya, na mimi nikamsahihisha kwa sauti, bila kujijua. Margaret akapunguza redio. "Ellie. Huyu ni nani wako?"

Nikalia. Nikamwambia. Yote, pamoja na kundi, pamoja na kigelegele. Nilitegemea anishike mkono, si wazee wanafanya hivyo. Hakunishika. Akasema, "Mwanafunzi wangu akikosea nilikuwa nasikia mimi mwenyewe tumboni. Sikuwahi kumkosesha kusudi." Akaongeza sauti ya redio.

Sikumkasirikia. Hakuna aliyeniambia ukweli hivyo tangu Nickson.

Kipande cha pili. Vinanda vikashuka. Nikasimama na taulo la Margaret mkononi, maji yanapoa. Baragumu likaanza. Nikasahau kupumua. Kila sauti ilipopanda nilipanda nayo, nikisema kimoyomoyo, usimwangushe, Baba, usimwangushe. Akapanda mpaka pale juu kabisa, akakaa pale, akateremka taratibu, akamaliza.

Kimya kikaja. Ndani ya redio, kimya cha watu elfu mbili.

Kigelegele kikapanda kifuani mwangu, kilekile. Nikajiziba mdomo kwa taulo, kwa mikono miwili, nikaliuma mpaka meno yakagusana. Margaret ananitazama. Mtu mmoja kwenye redio akakohoa. Wakaendelea. Na baragumu liliporudi halikukwaruza hata kidogo. Mpaka mwisho, safi.

Watu walipiga makofi muda mrefu sana. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni.

Leo wamepanda ndege.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Emérence amekuja na ripoti. Alilala kipande cha kwanza, akaamshwa na ngoma. Lakini baragumu alilisikia. "Mutoto yako anapiga kama malaika mwenye alikula vizuri!"

"Alitazama kiti?"

"Aliangalia. Mara mingi. Alikuwa na huzuni, Mama Aikaeli. Alikuwa anakutafuta."

Usiku huu nitalala.

Jumatano, 16 Aprili

Nimetuma ujumbe: "Nilisikia kwenye redio. Hongera mwanangu." Haijaonyesha kitu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Emérence alikuja asubuhi kabla sijaenda ibadani. Hakukaa. Kasema Roho amemsumbua siku tano, hawezi kufika Pasaka na uongo mdomoni.

"Ile siku, mutoto aliangalia kiti. Mara moja tu. Aliona ni mimi, haiko weye. Akapumua hivi." Akanionyesha: mabega yakashuka, macho yakafumba kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. "Kisha akacheka na mwenzake. Kisha akapiga muzuri. Unisamehe, dada. Nilikuona unatoka damu, nikataka nikufunge kidonda."

Nikamwambia nimesamehe. Na nimesamehe kweli. Alipoondoka nikasimama mbele ya kabati nikaona sukari, nikaiacha hapo.

Basi hicho ndicho nilichompa. Miaka yote ya kumlea, baragumu, shule, maombi, na kitu kimoja alichowahi kuniomba kwa neno tafadhali ni nisiwepo, na nisipokuwepo ndipo anapumua. Ujumbe wangu wa Jumatano bado haujasomwa. Au amezuia namba. Sijui namna ya kujua, na sitamuuliza mtu.

Kanisani tulisoma mateso yote, mpaka mwisho. Palipofika pa Petro kusema simjui mtu huyu, mara ya kwanza, mara ya pili, niliinama nikaangalia viatu vyangu. Yeye angalau jogoo aliwika.

Baada ya ibada Priscilla, katibu wa kina mama, akawa anapita na karatasi ya wapishi wa pilau la Pasaka. Priscilla ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa ile kamati.

"Dada Elinaja, nikuweke kwenye nyama au kwenye kachumbari?"

"Nyama."

Akaanza kuandika. Nikamshika mkono.

"Niandike Mama Aikaeli."

Akanitazama juu ya miwani. "Ulisema atakayekuita hivyo mwisho wake na wewe."

"Nilisema."

"Mmepatana? Bwana asifiwe! Amekuja?"

"Hapana, Priscilla. Hatujapatana. Hakuja. Niandike tu."

Akaandika. Peni yake ilikuwa inaishiwa wino, ikabidi alirudie jina mara mbili ndipo lionekane. Karatasi imebandikwa kwenye mlango wa jiko la kanisa, jina langu likiwa kati ya vitunguu vya mtu na mchele wa mtu.